Fundi na Wavaaji Wake

Siku ya kwanza nilipoingia kwa Fundi kuomba kazi, nilimkuta akilamba hereni. Si kuipuliza vumbi, si kuipangusa. Kulamba. Alikuwa ameinunua asubuhi hiyo kwa bibi mmoja pale sokoni Nyeri, shaba ya zamani, na nta ya sikio la yule bibi ilikuwa bado ukingoni, nyeusi, naiona kwa macho yangu mawili. Akaizungusha mdomoni kama mtoto na peremende, akafumba macho, akaitema kiganjani.

"Hii shaba ni ya waya," akaniambia. "Si ya bomba. Waya iko na utamu kidogo mbele, halafu inakuwa chungu. Ya bomba ni chungu tangu mwanzo."

Kisha akaninyooshea mkono ule ule, wenye mate, anisalimie.

Niliushika. Ningefanya nini? Nilikuwa nimemaliza shule ya msingi na kwetu hakukuwa na karo ya kuendelea. Nilikuwa nimechuma chai kwetu Kangari mpaka vidole vikawa vyeusi visivyotakata. Hapa kulikuwa na kazi ya kukaa chini, kwenye kivuli, kutunga shanga na mbegu. Nilikaa miaka kumi na mmoja, na sikuzoea. Watu husema binadamu huzoea kila kitu. Waongo hao, hawakufanya kazi kwa Fundi.

Karakana ilikuwa Skuta, pale pale Nyeri, nyuma ya nyumba za kupanga, mabati juu na mabanzi ubavuni. Upande mmoja palikuwa na pipa la pembe na mifupa kutoka machinjioni. Mtu ambaye hajachemsha pembe asinieleze habari za harufu. Ndani ya pembe ya ng'ombe mna kiini cha mfupa, na ukitaka pembe ya kuchonga bangili ni lazima kiini kitoke. Unachemsha siku mbili, kinalegea, unakivuta kwa koleo, kinatoka na mlio wa mguu ukichomoka matopeni. Na kama pembe ilikaa juani wiki nzima kabla ya kuchemshwa, basi funza nao wanatoka na kiini. Fundi aliwaondoa kwa kidole. Majirani walimshtaki kwa chifu mara mbili, na mara zote mbili chifu alikuja, akafika mlangoni, akageuka akarudi.

Upande wa pili palikuwa na debe la mkojo. Nitalitaja tu, maana nimechoka kuwaona watu wakivaa bangili zile makanisani na kwenye harusi wakijiona. Shaba mpya inang'aa. Ukiitumbukiza kwenye mkojo wa ng'ombe uliochacha, na jivu kidogo, inatoa kutu ya kijani na kuonekana ina umri wa babu yako. Mkojo wa ng'ombe ulipokosekana, Fundi alitumia wake. Baada ya hapo aliipaka mafuta ya kondoo, akaitundika moshini, na zile ndogo ndogo alizivaa mwenyewe kwapani siku nzima, chini ya shati.

Na shati lenyewe! Hapo ndipo nilipokuwa nikishindwa kumwelewa. Lilikuwa jeupe, limepigwa pasi, kola imesimama, kila siku ya Mungu. Alifua mwenyewe kwa sabuni nyekundu, hakumwamini mwanamke yeyote na kazi hiyo. Na alinawa mikono baada ya kusalimiana na watu. Hakunawa baada ya debe. Baada ya watu.

"Watu wako na uchafu mingi," alisema. "Wewe unajua huyu mtu ametoka kushika nini?"

Nikarudi kwenye mbegu zangu.

Wateja walikuwa Wazungu. Siku hizo uhuru ulikuwa bado mchanga, na hilo nalo lilinitia kichefuchefu kwa namna yake. Wazungu ndio waliowafundisha mama zetu kwamba hereni kubwa ni ushenzi, wavue, wayaache matundu ya masikio yazibwe, ndipo wabatizwe. Wakavua. Bendera ilipobadilika, Wazungu wengine wakaja na kamera shingoni, wakielekea mlimani, wakasimama Nyeri na Naro Moru kuuliza hereni zile zile. Lakini hawakutaka mpya. Walitaka zilizovaliwa. Walizigeuzageuza, wakazinusa, wakatafuta alama ya jasho.

Ndiyo maana Fundi alikuwa na wavaaji.

Mkojo na moshi viliwadanganya watalii wa kawaida, lakini wale wanaokusanya vitu vya zamani waligundua. Walijua shaba iliyokaa sikioni inalika upande wa ndani, inalainika mahali nyama inapoigusa, inapata rangi ambayo debe halitoi. Basi Fundi akawatafuta akina mama wazee ambao masikio yao hayajashonwa, akawapa hereni alizofua yeye wiki iliyopita, akawaambia wavae. Wavae shambani, jikoni, kitandani. Baada ya mwaka au miwili anazichukua na kuwapa nyingine. Malipo yao yalikuwa chumvi, sukari na ugoro, na walimpenda. Ninyi mnacheka, lakini walimpenda kweli. Alikuwa akikaa nao vijijini mwao nusu siku nzima, akawasikiliza, akawakatia kuni. Nyumbani kwake mwenyewe hakuna mgeni aliyewahi kuombwa kuketi.

Alizungumza juu ya masikio yao jinsi wakulima wanavyozungumza juu ya ng'ombe wa maziwa. "Yule wa Othaya sikio lake ni kavu, halitoi jasho. Yule wa Karatina ni mzuri lakini anakohoa, sijui kama atamaliza mwaka." Nami niko hapo natunga mbegu, natamani kumpiga na nyundo.

Na kumbuka, hakuwa akidanganya. Hilo ndilo lililonikera kuliko yote. Mzungu akimwuliza, "Hii ilivaliwa na nani?" Fundi anajibu, "Na mama mmoja mzee, kijijini, miaka miwili." Kweli tupu. Akiulizwa ni ya zamani, anasema, "Shaba yenyewe ni ya zamani." Kweli pia. Shaba nyingine ilitokana na maganda ya risasi yaliyookotwa msituni, yaliyobaki tangu vita vya kupigania ardhi, na wanawake wa Ulaya wakarudi kwao na maganda hayo yakining'inia masikioni. Katika miaka kumi na mmoja sikumsikia Fundi akisema uongo mmoja. Usipouliza vizuri, shauri yako. Ukiuliza vizuri, atakujibu hata kama jibu litakuvunja.

Nitamtendea haki mara moja tu, kisha basi. Aliwahi kufanya mkufu wa mbegu nyeusi na vipande vya shaba nyekundu vilivyofuliwa vyembamba kama ganda la kitunguu. Aliutengeneza miezi minne. Aliponipa nijaribu, ulinikaa shingoni kana kwamba nilizaliwa nao, na machozi yakanitoka mbele yake. Nilikasirika sana siku ile. Mikono ile, kutoka kwenye pipa lile, ilikuwa na haki gani?

Sasa nifike kwa mama yangu, maana ndiye ninayemzungukazunguka tangu nianze.

Ilifika wakati wavaaji wakaisha. Mmoja mmoja walikuwa wakiingia kanisani na kushonwa masikio, wengine walikuwa wakifa. Fundi akawa anazunguka Nyeri nzima na kurudi na hereni zake mfukoni. Siku moja akaniuliza, bila hata kuinua kichwa kutoka kwenye tupa, "Mama yako masikio yake yako aje?"

Nikajibu, "Mazima."

Mungu anisamehe, nilijibu kwa majivuno.

Baba yangu alikuwa mkaidi, hakutaka kusikia habari za kanisa mpaka anakufa, na mama alifuata alichotaka mumewe. Kwa hiyo alikuwa na matundu makubwa, mazuri, ngozi yake laini. Fundi alipofika Kangari kuyaona aliyashika kwa vidole viwili, akayapima uzito, akasema polepole, "Woi, mama. Haya ni masikio." Mama akacheka kama msichana. Tangu siku hiyo, kila mwisho wa mwezi nilipokwenda Kangari, mimi ndiye niliyembebea hereni, ugoro na sukari. Alichuma chai nazo masikioni, mvua ikimnyeshea, na wenzake walimtania kwamba amepata mchumba Nyeri.

Alivaa miaka minne. Jozi ya mwisho ilikuwa nzito kuliko zote, ya maganda ya risasi, na mtu wa kuinunua alikuwa tayari, mkusanyaji kutoka ng'ambo aliyesema atarudi baada ya Pasaka. Fundi aliiita "kazi ya maisha yangu".

Lakini mama alikuwa na jambo lake. Baba alipokufa, alizikwa kimya. Hakubatizwa, basi mchungaji hakuja, na wanawake wa kanisa hawakuimba. Udongo ulirudishwa shimoni na sepeto tatu, unasikia kila bonge likianguka. Mama hakusahau sauti ile. Akaanza masomo ya ubatizo na uzee wake wote, akakariri amri kumi akichuma chai.

"Mimi sitaki mambo mengi," aliniambia. "Nataka tu siku yangu niimbiwe."

Mzee wa kanisa alimweleza masharti. Mchungaji hubatiza watu wazima mara moja kwa mwaka, wakati wa Pasaka. Asiyeshona masikio hapiti. Basi ilibidi aende hospitalini Januari, ashonwe, apone kabla ya Pasaka. Mwanzoni mwa Januari mama akanituma na maneno haya, "Mwambie fundi wako achukue vitu vyake."

Nikamwambia Fundi. Kesho yake akapiga pasi shati, akaenda Kangari mwenyewe. Aliporudi jioni alisema tu, "Amekubali mpaka Pasaka." Nikajua amemlainisha kwa ugoro na yale maneno yake matamu. Nilikasirika, lakini nilikasirikia tumboni. Nilisema moyoni, haidhuru, atabatizwa Pasaka ya mwaka ujao. Nikaendelea kutunga.

Mwisho wa Machi nilimkuta sikio la kushoto limevimba, linang'aa, linatoa maji ya manjano. Nilipomkumbatia nilipata ile harufu. Niliijua. Ilikuwa ya karakana, ya kitu kinachooza polepole kwenye shaba.

"Vua, mama."

"Ni baridi tu. Imebaki kidogo."

Wiki ya Pasaka jirani alinipigia simu kupitia dukani, nije haraka. Mama alikuwa anashusha kikapu cha chai mgongoni. Kwetu kikapu hubebwa kwa mkanda wa ngozi unaopita utosini, na ulipokuwa ukiteleza ulinasa ile hereni. Sikio lilikuwa limeshaoza. Lilichanika mpaka chini, nyama ikabaki vipande viwili vinaning'inia.

Fundi alikuja nami. Alibeba chupa ya dawa na pamba. Tulimkuta mama ameketi jikoni, kitambaa kichwani, uso wa majivu. Hereni ilikuwa kwenye karai, ndani ya maji ya chumvi yaliyogeuka mekundu na mazito. Fundi alipiga magoti mbele ya mama. Akafungua kitambaa, akaangalia, akatoa sauti ndogo kama mtu aliyeungua. Kisha macho yake yakaenda kwenye karai. Akatia mkono. Akaitoa hereni ikidondoka usaha na damu, akaipeleka mlangoni kwenye mwanga.

Akailamba.

"Angalia rangi," alinong'ona. "Mungu wangu, angalia hiyo rangi."

Nilinyanyua karai nikammwagia. Lote. Shati jeupe, kola iliyosimama, uso, kila kitu. Hakusogea, hakujipangusa. Alimwambia mama, "Pole, mama. Pole sana," akaondoka na hereni mkononi akielekea barabarani hali amelowa hivyo. Sikurudi Skuta. Hata vitu vyangu sikwenda kuchukua.

Hospitalini waliikata nyama iliyooza wakalishona lile sikio, na la kulia nalo. Lakini Pasaka ilipita mama akiwa na bandeji inayonuka, na mzee wa kanisa akasema atulie, mwaka ujao hauko mbali. Mwezi wa saba ukaja na ile baridi ya kwetu inayoingia mpaka kwenye mifupa, kifua kikambana, wiki mbili akawa amekwenda. Masikio yake yalikuwa yameshonwa vizuri, yote mawili. Hakuwa amebatizwa. Wanawake wa kanisa walikuja, wakapika, wakachota maji, wakalia machozi ya kweli, maana walimpenda. Lakini tulipofika shimoni walifunga midomo. Mmoja alianza kuguna wimbo chini chini, mzee wa kanisa akamtazama, akaacha. Sepeto tatu zikafanya kazi. Mimi nilikuwa nimebatizwa tangu shuleni, ningeweza kuimba. Sikuimba.

Kwa miaka mingi nilijua nani aliyemnyima mama wimbo wake. Niliolewa, nikazaa, nikawa mtu wa kuheshimika katika kanisa lile lile, nashiriki Meza ya Bwana kila inapoandaliwa, na kila nikipiga magoti nilimkumbuka Fundi na kuomba nipewe roho ya kumsamehe. Sikupewa. Kusema kweli sikuwa nikiomba kwa bidii. Chuki ile ilinipa joto.

Kisha nikasikia yuko Naro Moru, mzee, macho yamekufa kwa moto wa kalibu ya kuyeyushia shaba. Nikaenda. Sikwenda kumsalimia, nilikwenda kumwambia. Nilikuwa nimeyapanga maneno yangu tangu mama afe.

Nilimkuta amekaa kwenye kigoda nyuma ya duka la mbegu za viazi, katika chumba kimoja. Shati lilikuwa jeupe bado. Niliposema hodi aligeuza kichwa akataja jina langu, kwa sauti tu, baada ya miaka yote hiyo. Sikumpa mkono. Nilisimama nikayasema yote: pipa, debe, masikio ya wazee wa watu, karai. Nikamwambia, "Mama yangu alizikwa kama mbwa kwa sababu yako. Ulikwenda Kangari ukamdanganya avae mpaka Pasaka."

Alisikiliza mpaka mwisho.

"Mimi sikumdanganya," akasema. "Nilienda kuzichukua. Nilikuwa na kitambaa ya kuzifunga. Alikuwa ameshazitoa, ziko hapa mkononi mwangu. Halafu akaniuliza, 'Nikikupa hizi, mtoto wangu utamweka kwa kazi?' Nikamwambia sijui."

"Sijui?"

"Sikuwa najua. Masikio yalikuwa yameisha. Ningemwambia nini? Akasema, 'Msichana ameniambia nikivua, utafunga karakana, na yeye atarudi kuchuma chai.' Akazichukua kwa mkono wangu, akazirudisha mwenyewe. Akasema, 'Mpaka Pasaka.'"

Nilifungua mdomo nimwite mwongo. Nikakumbuka. Desemba ile, jikoni kwa mama, alipoanza kunieleza habari za masomo ya ubatizo, mimi nilimkatiza. Nilimwambia, "Mama, ukivua tu, Fundi anafunga, na mimi narudi hapa kwa hii chai yenu." Niliyasema nikicheka, huku nakula viazi vyake. Nilikuwa nimeogopa, na nilitaka aogope pia.

"Kwa nini hukuniambia wakati ule?" nilimwuliza.

"Hukuuliza. Ulikuwa unachukua unapeleka kila mwezi. Nilidhani nyinyi wawili mmeongea."

Alinyoosha mkono hewani kunitafuta. Nilimwacha hivyo, nikatoka.

Jumapili iliyofuata ilikuwa siku ya Meza. Mzee wa kanisa alipofika kwenye benchi letu na sinia la mkate, nilitikisa kichwa. Alidhani sijamwona, akalisogeza karibu zaidi. Nikatikisa tena, akampitishia mwanamke aliye kando yangu. Hakuniuliza sababu, wala mwingine hajaniuliza, na sijapokea tangu siku hiyo.